Kaye ya Misalaba

Wiki iliyopita nilikaa chini ya picha yangu mwenyewe. Ni kubwa kuliko mlango, imechapwa juu ya turubai la plastiki na kufungwa kwa kamba kwenye nondo za madirisha ya ukumbi mmoja hapa Kalemie, na kila upepo wa ziwa ulipoingia, uso wangu wa ujana ulivimba, ukanywea, ukavimba tena. Ndani ya picha nina miaka ishirini na tatu. Nimevaa kofia ngumu ya manjano, nimeshika tindo ambalo si langu, na ninacheka kwa meno yote. Chini yake wameandika maneno makubwa ya kuwainua wanawake wa machimbo. Aliyeinuliwa ni mimi, Feza. Kila proje mpya ya wafadhili inapoingia mjini hunialika nipande mbele, nitoe ushuhuda, ninywe sukre, yaani soda baridi, na kurudi nyumbani, na nimeutoa ushuhuda huo mara nyingi hata mume wangu anaweza kuusema akiwa usingizini. Basi nilikuwa nimekaa pale, mkoba mapajani, nikiwaza kama sambusa za mapumziko zitakuwa na nyama au vitunguu vitupu, walipoingia wanawake wa upande wa Mpala. Walikuwa wamekuja kwa boti na pindo za vitenge vyao zilikuwa bado zimelowa. Wa mwisho kati yao alikuwa Riziki.

Nilimdhania amekufa. Afadhali niseme kweli kwa kuwa nimeamua kuandika: nilitamani awe amekufa, si kwa chuki, ila kwa sababu maiti hasemi. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi mbele, lakini mwendo ulikuwa ule ule, bega la kulia limeshuka kidogo kwa kubeba mifuko ya mawe. Alisimama mlangoni akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi niliyekaa chini yake, akaenda kuketi benchi la nyuma kabisa. Baba yangu alikuwa nani, mama yangu alitoka wapi, nilizaliwa wa ngapi, hayo sitayaeleza, hayana kosa lolote. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule nilioishi na Riziki kwenye machimbo tuliyoyaita Mulima, mbali ndani kwa njia ya Nyunzu, maana ni katika mwaka huo nilipojua mimi ni mtu wa namna gani. Na sijabadilika sana.

Tulikaa chumba kimoja cha miti na udongo, paa lake turubai lililotobolewa na cheche za moto wa majirani. Ndani mlikuwa na mkeka mmoja, sufuria moja iliyokatika mkono, mtungi wa maji, na beseni jekundu lililokaa nyuma ya pazia la gunia. Katika beseni hilo tulifua vitambaa vyetu vya mwezi, yeye vyake na mimi vyangu, maana hatukuwa na la pili. Riziki alinizidi miaka saba au minane, nami nilimwita yaya, dada mkubwa, yeye akaniita mudogo. Alinipokea nilipofika Mulima sijui hata kushika mtwangio, akanigawia nusu ya mkeka bila kuulizwa. Alipika bukari, ugali wa muhogo, majani ya sombe bila mafuta, na dagaa tuwaitao ndakala waliomfikia mara moja moja kutoka kwao Mpala ndani ya mfuko wa unga. Ndakala hao aliwakata vichwa, vichwa akala yeye, viwiliwili akanipa mimi. "Miye napenda vichwa, mudogo, iko na utamu," alisema, akitafuna kwa sauti ili niamini. Niliamini. Ilinichukua miaka mingi kufahamu kwamba hakuna mtu chini ya jua anayependa vichwa vya ndakala.

Ukuta wetu mmoja ulikuwa pia ukuta wa mama aliyepikia wachimbaji, hivyo tukila tulisikia maneno yao yote. Walizungumza mashimo, wanawake na magonjwa yao ya siri, na wakichoka na hayo walirudia mwiko. Mwanamke hashuki shimoni. Mwanamke aliye mwezini hasogelei hata mdomo wa shimo, maana mawe hayapendi damu, yanakimbia. Waliongea juu ya mawe jinsi mtu anavyoongea juu ya mbuzi, yanaona, yanasikia, yanakasirika. Sisi tulitwanga, tukaosha kwenye mfereji, tukabeba migongoni. Jiwe lilikuwa la wenye shimo, na sisi tulipewa kipimo cha unga wa jiwe uliobaki chini. Riziki alizisikia hadithi hizo kila jioni huku akitafuna vichwa vyake, na hakucheka, kwa sababu yeye damu yake haikufuata mwezi wala jua. Alikuwa amezaa mtoto mfu kabla ya kuja Mulima, na tangu siku hiyo ilitoka ikapenda, ikakoma ikapenda, wiki tatu kati ya nne. Alitaka kitu kimoja tu duniani: afike hospitali ya mjini apasuliwe. "Siombe nyumba, siombe bwana," aliniambia. "Naomba hii bomba ifungwe tu." Kwa kutwanga hangefika. Angefika kwa kuwa na fungu katika shimo, na mwanamke mwenye fungu katika shimo hakuwapo.

Ndipo proje ikaja. Aliyeileta tulimwita Madame Solange, mwanamke mnene mwenye sauti tamu na viatu visivyofaa kwa mlima, na sitasema alikuwa mbaya, maana hakuwa. Alileta kofia ngumu, nyundo, matindo, na pampu ya maji. Aliongea na wakubwa wa machimbo mpaka wakakubali kutoa shimo moja liwe la wanawake. Wakatoa lile walilokwisha kuliacha, lililo ubavuni mwa shimo la Papa Sangwa, ambaye alikuwa mwenye shimo kubwa kuliko yote na ambaye wachimbaji walimwita PDG, mkurugenzi mkuu. Tulikusanyika chini ya hangari la kupimia. Madame Solange alikuwa amekwisha kuondoka na gari lake, kwa hiyo wanaume wakasema yale waliyokuwa wameyameza mbele yake.

"Wamama, miye sina ubaya na mwanamuke," alisema Papa Sangwa. "Mama aliyenizala ni mwanamuke. Lakini mawe haipende damu, na haitakimbia kwa shimo yenu peke yake, itakimbia kwa yetu siye wote. Mutatuhakikishia namna gani? Ao mutatuonyesha kila asubui?"

Wanaume walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Wanawake waliinamisha vichwa, na Mama Kasongo, prezida wetu, mjane mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, aliinamisha chake pia. Sasa nataka ieleweke vizuri kwamba neno lililofuata halikutoka kwa mwanaume. Nilisoma miaka minne ya sekondari, na kule Mulima hiyo ilitosha kunifanya profesa. Niliinua mkono kama darasani nikasema, "Tutaandika."

"Mutaandika nini?"

"Siku. Kila mama na siku zake. Aliye mwezini hashuke. Tutakuwa na kaye."

Kaye, lile daftari la shule lenye kurasa za mistari. Kicheko cha wanaume kilikatika, maana walikuwa wameomba jambo lisilowezekana na msichana akaliwezesha. Mama Kasongo alipiga kofi moja kubwa. "Musikie mutoto wa masomo!" Papa Sangwa alisema kama ni hivyo, yeye hana neno. Njiani kurudi wanawake walinishika mabega, wakaimba. Nilikuwa nimewafungulia mlango, na funguo nikabaki nazo mimi.

Kila asubuhi kabla ya kazi walipita mbele yangu. Nilichora mstari kwa kila jina, nikaweka alama ya v kwa aliye safi na msalaba kwa aliye mwezini. Mwanzoni walisema wenyewe tu, nami niliandika. Lakini siku ya msalaba ilikuwa siku bila fungu, na baada ya mwezi mmoja misalaba ilipungua kupita kiasi, hata mimi niliona aibu kwa kaye yangu. Mama Kasongo akaamuru nikague. Tulitundika gunia pembeni ya mdomo wa shimo, na nyuma ya gunia mama wa miaka arobaini, aliyezaa watoto saba, alifungua kitenge chake mbele yangu mimi niliyekuwa sijazaa hata paka. Niliwaambia geuka, wakageuka. Ningependa kuandika kwamba nililia usiku. Sikulia. Nilipenda. Nilipenda wanawake waliponiita Madame Sekretere, nilipenda namna walivyoanza kuniwekea kikombe cha chai kabla hawajajiwekea wao, na mama mmoja aliyewahi kunicheka kwa kutojua kutwanga nilimpa msalaba siku mbili ambazo hakustahili, nikamtazama akiondoka na nyundo yake, nikahisi tumboni joto tamu kama la uji. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza nani anamkagua mkaguzi. Katika kaye nzima jina langu halikuwamo, kwa kuwa sikuwa mchimbaji, nilikaa juu na kalamu. Nyani haoni kundule.

Na Riziki? Riziki alinijia chumbani kabla ya siku ya kwanza ya shimo, akaketi juu ya mkeka, akashika vidole vya miguu yangu jinsi alivyozoea aliposhindwa kusema jambo. "Mudogo, ukiandika kweli yangu, miye ntabaki juu siku zote. Unajua." Nilijua. Nikamwambia asiogope. Asubuhi alipita mbele yangu, hatukutazamana, nikaweka v. Kesho yake v, na hata gunia lilipotundikwa, v. Alishuka mbele ya wote, maana alikuwa na mkono wa kazi kuliko mwanamke yeyote niliyemwona. Aligonga tindo kwa kipimo, hakupoteza nguvu, na ni yeye aliyeufikia mkanda wa jiwe jeusi ambao wanaume walikuwa wameshindwa kuuona. Tulianza kutoa mawe mazuri. Wanawake walinunua mafuta, sombe zikang'aa, na Riziki aliweka fungu lake ndani ya kopo la maziwa lililofukiwa chini ya mkeka, akisema akimaliza mvua atapanda lori aende mjini apasuliwe. Akaanza hata kula viwiliwili vya ndakala. Huo, nasema bila haya, ulikuwa wema wangu wa pekee mwaka ule, nao pia niliufanya vibaya.

Kwa sababu mwongo wa kweli, mwenye akili, angempa Riziki misalaba ya uongo. Siku nne kila mwezi, akae juu, apumzike, alama zikae kama za wengine. Mimi, profesa wa Mulima, nilimwekea v kila siku iliyoletwa na Mungu, miezi mitano mfululizo. Mstari wake ulisimama katikati ya kurasa umenyooka kama kamba ya fundi, na mimi sikuuona, kwa kuwa mtu hatazami alichokwisha kukiandika. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho siku ambayo Madame Solange alirudi.

Alikuja na mpiga picha na wageni wawili. Mama Kasongo alipika kuku. Tulikaa hangarini, wanawake wote wamevaa kofia za manjano zilizooshwa, na Madame akaiona kaye mapajani mwangu. "Na hii?" akauliza. Kabla mtu mwingine hajafungua kinywa nilisema, "Ni liste ya prezansi, Madame." Alifurahi kama aliyepewa mtoto. Alifunua kurasa, akawaonyesha wageni: hapa amefika, hapa hakufika, hapa amefika. Tazameni, kwa Kifaransa, tazameni nidhamu hii. Kisha kidole chake kikashuka kwenye mstari mmoja, kikaenda, kikafunua ukurasa, kikaenda tena.

"Riziki ni nani?" Riziki alisimama. "Mama Riziki! Tangu mwanzo hajakosa hata siku moja! Wamama, huyu ni mfano. Mumupigie makofi!"

Wanawake ishirini walimgeukia Riziki, na katika kila uso niliona hesabu ikifanyika taratibu, mwezi mmoja, miwili, mitano. Kisha Mama Kasongo akaanza kupiga makofi, polepole, akimtazama Riziki bila kupepesa, na wengine wakafuata. Wageni walipiga kwa nguvu kuliko wote.

Mpiga picha alitaka mwanamke mmoja shimoni. Madame akasema ashuke sekretere, anajua kueleza. Nami siku hiyo nilikuwa mwezini, siku ya pili. Ningeweza kusema tumbo linauma, ningeweza kusema naogopa giza. Lakini wanawake wote walikuwa wananitazama, na baada ya mstari wa Riziki neno lolote la kukataa lingekuwa neno la damu. Riziki akanipa tindo lake. Alijua. Asubuhi ile tulikuwa tumefua pamoja, mikono minne katika beseni moja. Nilishuka. Chini kule palikuwa na joto na harufu ya udongo mbichi, taa ya mpiga picha ikaangaza ukuta, na nilipouegemea kwa mkono ili nisimame sawasawa, niliuhisi ukitetemeka. Ko. Ko. Ko. Ulikuwa mlio wa nyundo, si mmoja tu, na haukutoka juu. Ulitoka kushoto, upande wa shimo la Papa Sangwa, karibu kabisa, na walikuwa wanachimba kuja kwetu. "Cheka," alisema mpiga picha. Nikacheka. Hicho ndicho kicheko mnachokiona kwenye turubai.

Nilipotoka juu sikusema. Kusema nimesikia ni kusema nilishuka, wakati kila mtu alikuwa ameniona nikishuka. Nilijiambia upuuzi huo na bado niliuamini, maana woga hauna hesabu. Niliogopa mtu angeniuliza tu, na weye Sekretere, ulikuwa safi? Siku ya tatu baada ya wageni, wanawake walishuka wakakuta mkanda umekwisha. Mahali pa jiwe jeusi palikuwa na udongo mtupu, laini. "Mawe imekimbia," mmoja alipiga kelele kutoka chini, na neno likapanda kamba likafika juu kabla yake.

Tulikusanyika kwenye mfereji wa kuoshea. Mama Kasongo hakupandisha sauti. "Mwanamuke asiyeenda kwa mwezi ni wa namna tatu," alisema. "Ni muzee, ao iko na mimba, ao ni mwongo. Riziki, weye ni yupi?" Riziki aligeuka. Alinitazama. Mama Kasongo akafuata macho yake. "Sekretere. Weye ndiye uliandika. Ulikuwa unaona?"

Nimekaa na swali hilo miaka yote hii na ninajua majibu yake yote kwa moyo. Ningeweza kusema ni mimi niliyeandika uongo kwa sababu ni mgonjwa na anataka kupona. Ningeweza kusema tu, twendeni tukasikilize ukuta wa kushoto. Hilo moja lingetosha, lingemwokoa yeye, shimo, na wote. Nilisema, "Alinidanganya. Alikuwa ananionyesha kitambaa ingine."

Wanawake wawili walikimbia chumbani kwetu wakarudi na beseni jekundu, maji yakimwagika. Mama Kasongo alivitoa vitambaa kimoja kimoja kwa kijiti, akavitandaza juu ya mawe wote waone. Viwili vilikuwa vya Riziki, vya shuka kuukuu. Viwili vingine vilikuwa vya kitenge cha majani ya kijani, pande la kitenge ambacho wote walikuwa wameniona nacho. Lakini hasira ina macho mabovu, hakuna aliyetazama majani. "Muone vile iko mingi!" alisema Mama Kasongo. "Riziki, hii yote ni yako?"

Riziki alivitazama vile vya kijani. Alinitazama mimi, si kwa hasira, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayengojea zamu yake kisimani. Nikatazama kaye yangu.

"Ndiyo," alisema Riziki. "Yote ni yangu."

Walimmwagia maji ya beseni kichwani. Walimvua kitenge, wakamfunga vitambaa vile shingoni, vyake na vyangu, wakampaka tope la mfereji na kumsukuma kwa njia ya kushukia bonde, wakiimba ule ule wimbo walioniimbia mimi siku ya kaye. Hao ndio wanawake ambao mwezi uliopita waligawana chumvi naye. Wengine walikuwa na machozi na bado walirusha tope. Mchana waliurarua mkeka wake, na kopo la maziwa lilipochomoza chini yake Mama Kasongo alilichukua, akasema ni fidia ya wote. Tindo la Riziki alinipa mimi. Nililipokea kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa kupokea vitu.

Mvua ilipokuja ukuta wa kushoto uliporomoka, na nyuma yake tukaona njia pana, iliyoegemezwa magogo vizuri, inayokwenda moja kwa moja shimoni kwa Papa Sangwa. Mkanda wetu wote ulikuwa umepita humo. Tulisimama tukitazama, kofia za manjano vichwani, maji yakituingia viatuni. Nilingoja mtu ataje jina. "Bon," alisema Mama Kasongo mwishowe. "Riziki alishaenda." Akageuka, na sisi tukageuka. Papa Sangwa alisema njia ile ni ya zamani, na nani angebisha? Kabla mwaka haujaisha wanawake walikuwa wamerudi kutwanga, na wengine walisema afadhali, shimo lina mambo mengi. Mimi sikurudi kutwanga. Madame Solange alikuwa ameipenda kaye yangu, akanileta Kalemie nikajifunze kuwafundisha wengine kuandika mahudhurio. Kwa hiyo msinielewe vibaya: proje ilimwinua mwanamke kweli, ni huyu hapa.

Wakati wa mapumziko nilibeba sahani yangu ya sambusa mpaka benchi la nyuma. Zilikuwa za vitunguu vitupu. Nilimsalimu, akaitikia, akasogea nikae. Tukakaa kama wanawake wawili wanaongoja lori.

"Ulipona, yaya?"

"Masista walinikata. Walitoa kila kitu. Bomba ilifungwa, na mulango vilevile." Alitafuna. "Nilikungojea, unajua? Kule pa barabara, kwa mama wa bukari. Alinipa kitenge. Nilikaa siku mbili. Nilisema, Feza ataleta mukeka."

Nilitafuta neno moja katika maneno yote ninayoyatoa kumbini na sikupata. Ndipo nikauliza lile lililonila miaka yote. "Juu ya nini ulisema yote ni yako?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza kwa nini maji yanalowesha. "Juu nilizani utasema hapana," alisema.

Waliniita mbele kabla sijajibu. Nilipanda. Ningependa, wasomaji wangu, kuwaambia kwamba siku hiyo nilisema. Nilishika maiki, nikaona nyuso, nikaona simu zimeinuliwa, na kinywa changu kikafunguka chenyewe na kutoa yale yale: kwamba tulikuwa gizani, kwamba kalamu ni nyundo, kwamba mwanamke akimshika mwenzake mkono hakuna shimo lisiloshukika. Upepo ulipiga picha nyuma yangu ikavimba. Walipiga makofi, na Riziki alipiga pia, polepole, bila kupepesa.

Mwishoni ilizungushwa liste ya prezansi, karatasi ndefu yenye majina yaliyochapwa tayari na kisanduku cha sahihi mbele ya kila jina. Ilianzia nyuma. Wanawake wa Mpala wasiojua kuandika waliweka alama, wengine kidole cha wino. Ilipofika kwangu, binti aliyeibeba alikuwa amekunja uso. "Samahani, Mama Feza," alisema. "Ule mama wa nyuma alikosea mustari. Nilimuambia jina yake iko chini, alinijibu hakukosea. Nifute?"

Nilitazama. Mbele ya jina la Riziki palikuwa na alama ya v, safi, iliyonyooka, kama nilivyozoea kuiweka mimi. Mbele ya jina langu, kutoka kona hadi kona, palikuwa na msalaba. Niligeuka. Benchi la nyuma lilikuwa tupu, na nje boti ya Mpala ilikuwa imeanza kupiga honi.

"Usifute," nilisema, nikachukua kalamu ili niweke sahihi yangu. Kisanduku kilikuwa kimejaa.